Mke wangu anazihesabu siku ninazoshinda nyumbani

Asalaam aleikum Mama, na shikamoo.

Mimi ni fundi wa mafriji na umeme wa jua hapa Ujiji. Nina mke na watoto watatu. Niliwahi kuajiriwa na kampuni moja pale mjini, nikaacha kwa hiari yangu baada ya kuchoka kuitwa kazini hadi siku ya Idi. Huu ni mwaka wa nne najitegemea na hatujalala njaa. Wateja wangu ni wenye friza za samaki kule Kibirizi na Katonga, maduka ya vinywaji, nyumba za wageni, na watu wanaofunga sola kuanzia Mwandiga hadi Kasulu.

Mama, mimi kazi huwa nachagua. Nikishinda siku nne juu ya bati nafunga sola, ya tano sitoki. Ijumaa nikishasali sirudi saiti. Kumi la mwisho la Ramadhani sipokei kazi, labda friza ya mtu iwe imezima na samaki wako ndani. Mwaka jana niliandika kila kitu kwenye daftari: siku 150 hivi za kazi ya kulipwa, na ukishatoa vifaa na nauli, ufundi wangu ni wastani wa shilingi 50,000 kwa siku. Ada za shule zimelipwa, nyumba ni yetu, na kiwanja cha Mwandiga nimemaliza kukilipia.

Tatizo liko nyumbani. Mke wangu anauza mawese sokoni na anatoka kila siku. Akirudi akanikuta nimekaa, hasemi kitu, ila sufuria zinasema. Baba mkwe wangu ni mstaafu wa reli. Kila akinikuta barazani saa nne asubuhi ananiuliza, "Leo hakuna kazi, baba?" Namwelewa.

Mambo yalizidi mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wateja wa friza walinyamaza miezi mitatu, tukala akiba. Tangu hapo mke wangu haiamini tena kazi ya kusubiri simu.

Sasa kuna shirika moja linanitaka. Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, saa moja ya chakula katikati, 30,000 kwa siku. Mkataba unaniita "mtoa huduma wa kujitegemea". Likizo hakuna, na siku usiyofika hulipwi. Mke wangu amepiga hesabu: siku 26 kwa mwezi, mara miezi 12, ni siku 312, yaani 9,360,000. Anasema mwanaume mwenye akili haziachi hizo. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha.

Mtu aliyejiajiri anatakiwa afanye kazi siku ngapi kwa mwaka? Na mimi ni mvivu?

Fundi, Ujiji

*

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Mvivu hawezi kuniandikia ana daftari mkononi. Hilo tuliache, maana limebeba hasira nyingi kuliko maswali. Tushike namba, kwa sababu wewe na mkeo wote mmezitumia, na wote mmezikata pale zinapowafaa.

Nianze na za mkeo. Siku 312 ni za mtu asiyeugua, asiyefiwa, na ambaye ofisi yake haifungwi kamwe. Sikukuu za taifa letu, ukiunganisha za serikali na za dini, zinapita kumi na tano kwa mwaka: Mapinduzi, Karume, Muungano, Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane, siku ya Nyerere, Uhuru, Idi zote mbili, Maulidi, Pasaka, Krismasi na nyinginezo. Ukiacha zinazoangukia Jumapili, weka kumi na tano. Geti la shirika litakuwa limefungwa na wewe hulipwi. Zinabaki 297. Halafu upumzike kama wenzako walioajiriwa, ambao Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawapa siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo. Kwa mtu wa siku sita kwa wiki, hizo ni siku 24 za kazi. Zinabaki 273. Toa na siku sita za malaria, msiba na mtoto kulazwa, ambazo kwa mwaka mzima ni chache mno, ufike 267. Zidisha kwa 30,000: ni 8,010,000.

Wewe mwaka jana ulipata 7,500,000 kwa siku 150. Kwa hiyo shirika linakuongezea 510,000, na wewe unaliongezea siku 117. Gawanya mwenyewe. Kila siku ya ziada unaiuza kwa pesa isiyofika 4,500. Kijana anayekubebea ngazi pale saiti hawezi kuikubali.

Bado kuna TRA. Shirika likikulipa kama mtoa huduma, linatakiwa kukukata asilimia 5 ya malipo kama kodi ya zuio. Hiyo haipotei ukidai cheti chake, kwa sababu inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Ila fedha ya kuingia mkononi kila mwezi itakuwa pungufu kuliko ile mkeo aliyoiandika.

Sasa zamu yako, maana na wewe hujaniambia yote.

Umesema siku 150 za kazi ya kulipwa. Je, zimelipwa zote? Namfahamu fundi mwenye daftari zuri kuliko la mhasibu, ila nusu ya kurasa zake ni madeni ya nyumba za wageni. Siku uliyofanya kazi na hela haijaingia, iandike kwenye ukurasa wa madeni. Isije ikapandisha wastani wako. Ukishafanya hivyo na wastani ukabaki 50,000, nitakuwa mtu wa kwanza kukupongeza. Ukishuka hadi 40,000, basi mkeo ameona kitu ambacho wewe hukukiona, kwa sababu yeye ndiye anayetumwa dukani kukopa.

Halafu kuna siku ambazo hukuziandika kabisa. Siku uliyokwenda stendi kupokea kompresa iliyotoka Dar es Salaam, ikawa haijafika, ukarudi kesho yake. Siku ya kwenda Kasulu kukagua paa, ukatoa bei, mtu akasema atakupigia. Siku ya kufuatilia deni. Siku ya kushughulikia leseni ya ufundi umeme ya EWURA. Kwako hizo ni siku za nyumbani kwa sababu hukulipwa, na kwa mkeo ni siku za nyumbani kwa sababu ulirudi saa saba mchana. Mimi naziita siku za kazi. Kwa mafundi ninaowajua, kila siku tatu za kulipwa huja na moja ya namna hii. Ikiwa kwako ni hivyo, mwaka jana ulifanya kazi siku 200.

Jilinganishe na karani wa ofisi yoyote pale Mwanga, Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka una siku za kazi 260 au 261, toa siku 20 za likizo yake, toa sikukuu kama kumi na mbili zinazoangukia katikati ya wiki, unabaki na kama 229. Huyo anamaliza mwaka ameshinda nyumbani siku 136 na hakuna mkwe anayemuuliza kitu. Wewe umemzidi kwa siku 29 tu za kukaa. Kilichokuponza ni kwamba yeye anakaa Jumamosi, pamoja na watu wote, na wewe unakaa Jumatano.

Na hapo ndipo kwenye ugomvi wenu. Mkeo ametoka na madumu ya mawese tangu alfajiri. Amerudi, amekukuta umekaa, na moto haujawashwa. Hukuniandikia nani anachota maji siku hizo, nani anawapokea watoto, nani anapika. Uliniandikia kwamba sufuria zinasema. Mwanangu, hata mimi zingesema. Unaniuliza mtu afanye kazi siku ngapi kwa mwaka ilhali ndani ya nyumba yako kuna mtu wa siku 365, na hilo hukulitaja hata kwa bahati mbaya. Siku unayopumzika wewe, na yeye apate nusu ya siku hiyo. Hili halihitaji mkataba wala shirika.

Baba mkwe mheshimu, mpishe kiti, ila usimjibu kwa kutoka nyumbani na mfuko wa vifaa mtupu kwenda kukaa kijiweni. Wapo wanaofanya hivyo. Mzee wetu wa reli alitoka kila asubuhi kwa sababu treni ilikuwa na saa yake, na alipokwenda likizo mshahara uliendelea, alipougua uliendelea, na leo ana pensheni. Wewe likizo yako unajilipa mwenyewe, ugonjwa wako unajilipa mwenyewe, na uzee pia. Sheria ile ile niliyoitaja inampa mwajiriwa siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Wewe ukianguka kutoka kwenye bati leo, una siku ngapi? Swali la mzee limekosewa namna ya kuuliza, lakini hofu iliyomo ndani yake ni ya kweli, na ndiyo hofu ya binti yake tangu ziwa lilipofungwa.

Mkeo hatafuti siku 312. Anatafuta nyumba isiyotetereka miezi mitatu simu ikinyamaza. Ni vitu viwili tofauti, na ukimpa cha pili ataacha kukihesabu cha kwanza. Kwa namba zako mwenyewe, mwezi mmoja wa nyumba yenu ni kama 625,000. Weka miezi mitatu pembeni, sawa na 1,875,000, kwenye akaunti ambayo yeye anaijua na ikiwezekana kadi akae nayo. Kabla ya hapo, bima ya afya ya familia. Baada ya hapo, NSSF, ambao wanawapokea waliojiajiri kwa michango ya hiari, usisubiri kuitwa. Haya yote ni gharama za kazi yako, sawasawa na gesi ya friji, kwa hiyo yanatakiwa kutoka kwenye bei unayomtajia mteja. Nina wasiwasi kwamba ile 50,000 uliipanga kwa kumtazama fundi mwenzako, hukuyaweka haya ndani. Mtu anayeuza siku 150 hawezi kutoza kama kibarua anayeuza 300. Ukipandisha hadi 60,000, siku zile zile 150 zinakuwa 9,000,000, karibu kabisa na hesabu ya mkeo ya siku 312. Wateja wawili watatu watanung'unika na mmoja ataondoka. Wenye friza za samaki wanajua gharama ya kumngoja fundi wa bei rahisi.

Siku zenyewe, usizigawe sawasawa kwa mwezi. Kigoma yetu ina majira na wewe unayajua kuliko mimi. Kiangazi, kuanzia Juni, watu wanajenga, barabara za vijijini zinapitika na bati limekauka. Hapo jaza wiki, hata Jumamosi. Masika ikikolea sitaki mwanangu awe juu ya paa radi zikipiga. Hizo ndizo wiki za benchi, kutengeneza vilivyoletwa nyumbani, kudai madeni na kulala. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili tangu zamani. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki, basi wanaanika nyavu, wanaziba matundu, wanakaa na watoto, na hakuna mtu Kibirizi anayewaita wavivu, kwa sababu kila mtu anaona mwezi. Mwezi wako wewe hauonekani. Nunua kalenda ya ukutani, mwanzo wa kila mwezi iwekeni alama pamoja: hapa saiti, hapa benchi, hapa kupumzika. Ramadhani na kumi lake la mwisho liwe limeshaandikwa. Jumatano iliyopangwa haiumizi kama Jumatano iliyotokea.

Uliomba namba, na sipendi washauri wanaokwepa. Kwa umri wako, kazi yako na watoto watatu: siku 160 za kulipwa, na kama 50 za zile zisizolipwa. Jumla 210. Ukipita 180 za kulipwa, utaanza kukosea waya, na kwa umeme kosa haliombewi radhi. Ukishuka chini ya 130 bila kupandisha bei, nitakuwa upande wa sufuria.

Limebaki shirika, na hapa nataka usome polepole.

Wakupangie saa ya kuingia na ya kutoka, siku sita, mwaka mzima, usiwe na nafasi ya mteja mwingine, kisha wakuite mtu wa kujitegemea? Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyoorodheshwa. Miongoni mwake: saa zake kupangwa na huyo mwingine, kumfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kumtegemea kiuchumi, kutumia vifaa vyake, au kumfanyia yeye peke yake. Jina lililoandikwa juu ya mkataba halifuti hayo. Na ukihesabu, saa nane mara siku sita ni saa 48 kwa wiki, ilhali mwajiriwa wa kawaida ana ukomo wa saa 45, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Kwa mkataba huo unabeba mzigo wa mwajiriwa na hasara ya aliyejiajiri. Likizo, ugonjwa, michango ya NSSF, vyote wamevisukumia kwako, halafu wakakupunguzia 20,000 kwa siku.

Sikuambii uwagombeze. Inawezekana anayeandika mikataba yao hajawahi kukaa na fundi. Nenda kwao na mambo mawili wachague.

La kwanza: wakuajiri kweli. Mshahara kwa mwezi, likizo, NSSF, ugonjwa, kila kitu. Wakikubali, kaa na mkeo mfikirie upya, kwa sababu 30,000 yenye hayo yote ndani ni pesa tofauti kabisa na 30,000 tupu. Usikatae kwa kiburi cha Idi ile. Waulize tu Idi itakuwaje, wakuandikie.

La pili, ambalo mimi nalipenda: mkataba wa matengenezo, siku mbili kwa wiki, wiki 50, kwa 45,000 kila siku. Umewapunguzia kidogo kwa sababu ni kazi ya uhakika. Siku mnapanga wote, vifaa vyako, na dharura nje ya siku hizo ina bei yake. Hizo ni siku 100, sawa na 4,500,000, na hiyo ndiyo nguzo mkeo anayoitafuta, haijali ziwa limefungwa au limefunguliwa. Zinabaki siku 60 za wateja wako wa siku zote, kwa bei mpya ya 60,000, ni 3,600,000. Jumla 8,100,000 kwa siku zile 160. Imezidi kidogo ile ya siku 267, na namba za simu za watu wa Katonga bado unazo.

Mwonyeshe mkeo hesabu hii kabla hujaenda kwao. Akae na kalamu yeye, wewe usome daftari. Mfanyabiashara wa mawese anajua faida ya dumu moja hadi shilingi ya mwisho, na huenda akakurekebisha mahali fulani. Akisema 45,000 ni ndogo, msikilize.

Shirika likikataa yote mawili na kung'ang'ania karatasi ile ile, waambie asante, waachie namba yako ya simu, uwatajie na bei ya dharura.